Qiu Suzhen na Video ya Saba

Mwalimu Ge alipokuja kiwandani kutufundisha Kiingereza bure, sote tulimtilia shaka kidogo. Mtu gani anafundisha bure siku hizi? Lakini Qiu Suzhen alimshuku kuliko sisi sote, na alikuwa na sababu yake. Wakati ule sikuijua. Aliniambia mwenyewe miezi kadhaa baadaye, tumekaa juu ya maboksi ya mipini, na mengine niliyaona kwa macho yangu kwa sababu darasani nilikaa nyuma yake.

Kiwanda chetu kinatengeneza miavuli. Mji wetu wote unatengeneza miavuli. Ukikutana na mtu sokoni humuulizi anafanya kazi gani, unamuuliza yuko kwenye vitambaa, kwenye mbavu za chuma au kwenye mipini. Mimi nafungasha. Suzhen alikuwa mkaguzi. Anafungua mwavuli, anautikisa, anaufunga, anauweka kulia au kushoto, elfu moja na mia tatu kwa siku, na aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa akiwa amesimama. Mwezi wa nane mwaka ule Bosi Xiang alimpandisha cheo akawa mkuu wa ukaguzi. Akapewa meza, kalamu nyekundu, na kiti.

Siku tisa baadaye Ruan Cuilian akamletea barua.

Cuilian alikuwa wa chumba cha gundi, kule mipini inakobandikwa na vitambaa vinakopakwa dawa ya kuzuia maji. Madirisha ya chumba kile yalikuwa hayafunguliwi, kwa sababu vumbi likiingia dawa inafanya vipele. Katika joto la mwezi wa nane hata mtu aliyepita mlangoni tu alitokwa na machozi. Cuilian alikuwa anakohoa tangu baridi ilipoisha. Akaandika malalamiko kwa ofisi ya kazi ya wilaya, ukurasa mmoja wa karatasi ya mistari myekundu, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya zamani, nasi wanawake kumi na mmoja tukaweka dole gumba kwa wino mwekundu kando ya majina yetu. Alama yangu ilikuwa ya nne kutoka juu. Aliyeombwa kuipeleka alikuwa Suzhen, kwa kuwa kila Jumanne alikwenda mji wa wilaya kupeleka sampuli maabara, na hakuna ambaye angemuuliza safari yake ni ya nini.

Suzhen alikubali, na anaapa kwamba alikubali kwa moyo mmoja. Jumanne ile alifika mapema, begi la sampuli begani, barua ndani ya begi. Akapita chumba cha boila kujaza chupa yake ya chai. Mzee Dai, anayetunza boila, hakuwepo, na kimlango cha jiko kilikuwa wazi.

"Sikuwa nimepanga," aliniambia. "Nilikuwa nakifikiria kile kiti tu."

Aliitia barua motoni. Ikashika moto upande mmoja, ikajikunja, kisha ile nusu ambayo haijaungua ikateleza kwenye nondo za jiko na kudondokea ndoo ya majivu iliyo chini. Akainama kuichukua, akasikia hatua. Alikuwa Mzee Dai, amebeba chupa mbili za maji. Suzhen akasalimia, akatoka nje, akazunguka bohari mara mbili. Aliporudi baada ya dakika kumi, ndoo ilikuwa tupu.

Jioni yake Cuilian alimuuliza, naye akajibu kwamba barua ameipeleka.

Basi tangu siku hiyo alingoja. Ile nusu iliyobaki ilikuwa ya chini, yenye alama zetu nyekundu na mistari ya mwisho ya Cuilian. Kama imeokotwa na mtu wa Bosi, tumekwisha sote, na yeye ameshaonekana kuwa mjumbe wetu. Kama imeokotwa na mmoja wetu, amekwisha yeye peke yake. Kila aliyemwangalia kwa zaidi ya kitambo kidogo, Suzhen alimpigia hesabu. Mzee Dai alimwambia siku moja kwamba anaonekana hana usingizi, naye akaenda kujifungia chooni. Bosi Xiang alimsalimia mara tatu kwa wiki moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika miaka kumi na tisa.

Wiki ya tatu ndipo akaja Mwalimu Ge.

Alikuwa kijana mwembamba wa chuo kikuu huko Hangzhou, miwani mikubwa, viatu vya mvua hata siku ya jua. Bosi alituita wanane na kutuambia kwamba wateja wa nje siku hizi wanapiga simu ya video na wanataka kuzungumza na mkaguzi na mfungashaji wenyewe, si na binti wa ofisini. Kwa hiyo Jumatano na Ijumaa saa nane mchana tutapanda chumba cha juu ya kantini tukajifunze, na mshahara haukatwi. Cuilian alijiandikisha haraka. Aliniambia hakijali Kiingereza, anataka saa mbili za hewa.

Mwalimu hakutuficha alichokijia. Alisema anafanya utafiti: jinsi watu wa lugha yetu wanavyojifunza maana za vitenzi vya Kiingereza, na sarufi yake. Atatufundisha, na kwa malipo tutamjibia maswali. Hakuna aliyemwamini. Wasichana wa mbavu walisema atatuuzia vidonge vya kuongeza nguvu. Cuilian alisema ametumwa na Bosi kuangalia nani akili yake imechoka ili apunguzwe.

Siku za mwanzo zilikuwa za kucheka. Mwalimu alituonyesha kwamba sisi tunafungua mlango, tunafungua taa, tunafungua gari, tunafungua mkutano, neno moja tu, na Mwingereza kila mahali ana kitenzi kingine. Alitufundisha kwamba kitenzi chao kikienda jana kinaota mkia, na kikiwa cha mtu mmoja asiyekuwepo kinaota kijimkia kingine. Sisi kitenzi chetu hakibadiliki: jana nenda, leo nenda, kesho nenda, na msikilizaji mwenye akili anajua. Cuilian alimeza mikia yote. Mwalimu akamrudisha mara tano, naye akamwambia, "Mwalimu, nina miaka hamsini na tatu. Mikia yangu ilishadondoka yote." Hata Suzhen alicheka siku hiyo, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Wiki iliyofuata ikaja kazi ya utafiti. Mwalimu alitoa kompyuta yake na kinasa sauti kidogo, akagawa karatasi za majibu. Kwenye karatasi hapakuandikwa jina, ila namba. Alisema namba zinaendelea kutoka kiwanda kingine, kwa hiyo sisi tulianzia tisa. Suzhen alipewa kumi na moja. Akaishika ile karatasi kana kwamba inaunguza. Wanawake kumi na mmoja, dole gumba kumi na moja, na namba yake ni hiyo.

Zilikuwa video fupi ishirini na nne. Unaangalia, kisha mwalimu anasoma sentensi ya Kiingereza, nawe unaweka alama kama inasema kweli au uongo. Mwanamume anampiga nzi kwa gazeti, nzi anaanguka, halafu anaamka na kuruka: mwanamume amemuua nzi, kweli au uongo? Mtoto anakula mkate wa mvuke, anaacha kipande: mtoto amekula mkate, kweli au uongo? Tulikuwa tunaandika haraka huku tukinong'ona.

Video ya saba ilikuwa ya mwanamke wa nywele fupi aliyevaa koti la kazi la buluu. Ameshika barua, ya karatasi ile ya mistari myekundu ambayo kila duka la vifaa vya shule linauza. Anawasha kiberiti. Barua inashika moto, inaungua mpaka katikati, moto unazimika, na kipande kilichobaki kinaanguka kwenye sinia kikiwa kimelala kifudifudi. Video inakatika hapo. Mwalimu akasoma: mwanamke alichoma barua.

Kutoka nyuma niliona shingo ya Suzhen inabadilika rangi. Nikadhani ni joto.

Baadaye alinieleza kilichopita kichwani mwake. Koti la buluu kama letu. Nywele fupi kama zake. Mistari myekundu. Mtu amekaa akatengeneza kitu kile makusudi, na sasa wanamtazama atakavyojibu. Akisema kweli, amekiri kwa mkono wake mwenyewe, chini ya namba kumi na moja. Akaweka alama ya uongo: mwanamke hakuchoma barua. Mara akaona jibu moja la uongo katikati ya majibu ya kweli litasimama peke yake kama mtu aliyevaa kofia kanisani. Akarudi nyuma akabadilisha ya nzi na ya mkate. Na kuanzia hapo, kila kitu ambacho hakikumalizika mpaka mwisho kabisa, alisema hakikufanyika. Vilivyomalizika alisema vimefanyika, asije akaonekana mjinga.

Sisi wengine saba tuliandika kweli karibu kila mahali. Moto umewashwa, karatasi imeungua, amechoma, mnataka nini tena?

Ijumaa ile, tukiwa tunashuka, Suzhen alibaki nyuma kufunga kamba za viatu, akamsikia Bosi Xiang akizungumza na mwalimu kwenye ngazi.

"Vipi, wameanza kusema?" Bosi aliuliza.

"Bado," mwalimu alijibu. "Wengine wanaogopa. Nikiwapa muda watasema tu."

Mtu mwingine angejua wanazungumzia Kiingereza. Suzhen alirudi kwenye meza yake, akafungua mwavuli mmoja, akaukagua kwa robo saa.

Tangu hapo akaanza kumfuatilia mwalimu. Alihesabu anaingia ofisi ya Bosi mara ngapi na anatoka na nini. Alimpelekea Mzee Dai bakuli la tofu, jibini la soya lililochachushwa, akamuuliza kama aliwahi kuokota karatasi kwenye majivu. Mzee Dai akamwambia anaokota misumari tu, kwa nini, amepoteza pesa? Suzhen akaona ameuliza mno. Siku moja mwalimu alipokwenda msalani, Suzhen alifungua begi lake. Akakuta vitabu viwili, ndizi, na karatasi zilizojaa tarakimu. Tarakimu za namba kumi na moja zilikuwa zimezungushiwa duara. Sisi wengine hatukuwa na duara.

Kilichofuata kilimchanganya zaidi. Mwalimu Ge alikuwa amefurahi. Alimwita kando, akamfanyisha mazoezi mengine kumi na mawili, na Suzhen, kwa woga uleule, akajibu vilevile. Mwalimu akaenda kumwambia Bosi kwamba katika watu themanini na kitu aliowapima mwaka mzima, hajaona mtu anayekipima kitenzi cha Kiingereza kama Waingereza wenyewe wanavyokipima, na huyu hajawahi hata kumaliza sekondari. Bosi naye, ambaye hakuelewa hata nusu ya maelezo, alielewa sifa. Jumatatu akatangaza kantini kwamba mwezi wa kumi Suzhen atakwenda naye kwenye maonyesho ya biashara Guangzhou.

Wote tukamgeukia. Suzhen huyu ambaye hawezi kutamka sitini kwa Kiingereza bila kuuma ulimi? Wasichana wa mbavu wakasema labda tofu haikuishia kwa Mzee Dai, labda na mwalimu alipelekewa. Cuilian hakucheka. Alitafuna mboga yake ya haradali taratibu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna kitu hapa hakikai sawa. Mtu akipewa cheo mwezi wa nane, na safari mwezi wa tisa, amelipa kwa kitu gani? Na ofisi ya wilaya, mbona kimya mpaka leo? Wengine waliopeleka malalamiko walijibiwa ndani ya wiki mbili, hata kama ni kuambiwa wasubiri.

Nikamwambia aache kuwaza mabaya. Lakini nami nikaanza kuwaza.

Somo la mwisho lilikuwa la kufungua majibu. Mwalimu alirudia video chache, na kwa kila moja aliuliza kwa nini tulisema kweli. Alitueleza vizuri, kwa lugha yetu, kwamba vitenzi vyetu vingi vinamwangalia mtendaji. Akishaanza kazi, kazi imefanyika. Na tukitaka kusema imetimia tunaongeza kijineno nyuma. Ndiyo maana kwetu mtu anaweza kusema amemuua kuku mara mbili na kuku bado anatembea. Kiingereza, kwenye vitenzi vingi vya namna hiyo, kinakiangalia kitu chenyewe. Nzi kama yupo hai, hakuna aliyemuua. Barua kama ipo, hakuna aliyeichoma.

Akaweka video ya saba, kisha akamwomba Suzhen asimame awaeleze wenzake alivyofikiri.

Suzhen alisimama. Aliniambia alijua ni mtego, ila alikuwa amechoka kiasi kwamba alitaka uishe. Akasema, "Hakuichoma. Nusu imebaki. Iliyobaki inasomeka, na majina yanaonekana. Mtu yeyote anaweza kuiokota akaisoma."

Mwalimu alipiga makofi. Cuilian, aliyekaa upande wa dirisha, hakupiga. Aliomba video irudishwe, akaiangalia tena mpaka mwisho, kile kipande kikaanguka kifudifudi kama mwanzo, sehemu nyeupe juu.

"Mdogo wangu," akamwambia Suzhen, "hapa hakuna kinachosomeka. Wala hakuna majina. Wewe umeyaona wapi?"

Suzhen akakaa. Mwalimu, maskini, akaanza kueleza kwamba kimantiki kipande kinaweza kuwa na maandishi upande wa chini. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Kesho yake Cuilian aliomba ruhusa ya hospitali, akapanda basi la wilaya. Pale ofisi ya kazi walimfungulia daftari la barua zilizopokelewa. Mwezi wa nane wote, kutoka kiwanda chetu, hapakuwa na kitu. Karani alimwambia pole, akampa maji. Akarudi na basi la saa tisa.

Nilikuwa chumba cha ukaguzi nikichukua mzigo wangu alipoingia. Alifunga mlango, akaniambia nibaki, kwa sababu na mimi nilikuwa na dole gumba pale. Kisha akasimama mbele ya meza ya Suzhen.

"Uliniambia umeipeleka."

"Nilitoka nayo nyumbani, dada," Suzhen akasema.

"Sikuulizi ilitoka wapi. Nakuuliza iliishia wapi."

Suzhen aliiangalia kalamu yake nyekundu. Halafu akamwambia yote: boila, kimlango, nondo, ndoo. Alisema Bosi hakumwomba, hakuna aliyemwomba, hakuna aliyejua. Alisema aliogopa. Alipomaliza alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba haikuungua yote.

"Haikuungua yote," Cuilian akarudia. "Kwa hiyo hukuichoma?"

"Sikusema hivyo."

"Darasani ulisema."

Suzhen akaisogeza kalamu pembeni.

"Nimekohoa wiki sita nikingoja jibu la barua iliyoko kwenye majivu," Cuilian akasema. "Kila nilipokuuliza, ukanimiminia chai. Wewe ulikuwa unamchungulia Mwalimu Ge na Mzee Dai na Bosi. Mimi hukunichungulia hata siku moja. Ungeniangalia tu, ungeona."

"Sasa ile nusu nani anayo?" Suzhen akauliza, na nadhani hata yeye alishangaa swali hilo lilivyotoka.

Cuilian akakohoa mpaka ikabidi ashike ukingo wa meza. Suzhen aliinuka kumpa kiti. Alikikataa, akatoka.

Ile nusu hakuwa nayo mtu. Mzee Dai alikuwa amemwaga majivu kwenye shimo la nyuma kama anavyomwaga kila asubuhi, na mvua ya jioni ile ikamaliza kazi. Bosi Xiang hakujua lolote. Zile salamu tatu alisalimia kwa sababu alikuwa amempandisha cheo na aliona ndivyo inavyopasa. Mwalimu Ge, Suzhen alipomwendea na kumuuliza waziwazi nani alimpa habari ya barua, alishangaa mpaka akavua miwani. Video zilirekodiwa miaka minne nyuma, yule mwanamke ni mwanafunzi mwenzake, na koti la buluu lilikuwa la mfanyakazi wa maabara aliyekuwa likizo.

Akamweleza na ile namba iliyozungushiwa duara. Alikuwa ameizungushia kwa furaha tu.

Suzhen ndipo akamwambia kwamba majibu yake yote ni ya woga, wala si ya Kiingereza. Amfute kwenye utafiti. Mwalimu hakutaka kuamini. Akampima tena palepale kwa video alizokuwa hajawahi kuziona, akamwomba ajibu anavyoona tu. Mtu anajaza glasi, inafika nusu: amejaza, kweli. Mtu anafunga dirisha, linabaki wazi kidogo: amefunga, kweli. Alikosea kama sisi sote. Mwalimu alipiga mstari juu ya namba kumi na moja, na Suzhen anasema uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefiwa na ndege wake.

Cuilian aliandika barua ya pili. Safari hii alituletea mmoja mmoja tuweke dole, na meza ya ukaguzi aliipita bila kusimama. Suzhen alinifuata kuniomba nimsemee. Nilimsemea, nikajibiwa kwamba karatasi imejaa, ingawa tuliona sote kwamba haijajaa. Basi Suzhen akaandika ya kwake, peke yake, kwa jina lake kamili. Akaambatanisha nakala za daftari la ukaguzi la miaka minne: siku ngapi watu wa chumba cha gundi walitolewa nje wamezirai, gundi ya aina gani ilikuwa inatumika siku hiyo, nani alisaini kwamba hewa inatosha. Baadhi ya saini zilikuwa za Suzhen mwenyewe, kwa kuwa wakaguzi walisaini kwa zamu. Barua zote mbili alizipeleka Cuilian mwenyewe, akadai risiti mbili.

Wakaguzi wa wilaya walikuja wiki ya pili ya mwezi wa kumi. Chumba cha gundi kilifungwa miezi miwili, zikafungwa feni tatu kubwa, na aina moja ya gundi ikapigwa marufuku. Haikuwa sherehe. Waliofanya kazi mle walipata nusu mshahara kwa miezi hiyo, na wawili kati ya waliotia dole walimwambia Cuilian usoni kwamba bora angenyamaza. Bosi Xiang alikwenda Guangzhou na mpwa wake. Suzhen alirudishwa kwenye mstari, kusimama, kulia na kushoto, na meza ile akapewa mtu wa vitambaa. Hakulalamika. Aliniambia siku ile juu ya maboksi kwamba miguu inamuuma lakini sasa anaweza kumtazama mtu bila kumpigia hesabu.

Nilimuuliza kama kweli angeipeleka ile barua ya kwanza, kama kimlango cha jiko kingekuwa kimefungwa. Akasema angependa kusema ndiyo.

Sasa ni mwaka wa tatu. Cuilian alihamishiwa kushona kingo. Kikohozi kimepungua, ila hakijaisha. Wanasalimiana, basi. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye foleni ya chakula, Cuilian mbele, Suzhen nyuma, watu watatu kati yao, na sufuria ya mboga ya haradali na nyama ilikuwa inakaribia kuisha. Cuilian alipopewa yake alimwambia mpishi amwekee na yule mkaguzi sahani moja kabla wengine hawajaimaliza. Suzhen alipofika akakuta imefunikwa inamngoja. Akaichukua, akaangalia kushoto na kulia, akaenda kukaa meza ya kona. Cuilian alikuwa ameshakaa dirishani, amempa mgongo, anakula.